UCHAMBUZI: Alama za mwalimu zitaaminiwa vipi bila mkaguzi?

MATOKEO ya mtihani wa kwanza wa KJSEA yalipotangazwa Desemba 2025, dadangu mdogo alinipigia simu kutoka kijijini akiwa na karatasi mkononi. Binti yake alikuwa mmoja wa watahiniwa zaidi ya milioni moja wa Gredi ya Tisa waliofungua ukurasa huo mpya. Karatasi ilikuwa imejaa herufi: ME2 hapa, AE1 pale, EE2 katika somo moja.

"Kaka, wewe uliyesoma, niambie jambo moja tu. Huyu mtoto amepita au ameanguka?"

Nilijaribu kumweleza kwamba utaratibu mpya haukubuniwa kujibu swali hilo, na kwamba nia yake ni kuonyesha uwezo wa mtoto katika kila somo. Alinisikiliza kwa subira, kisha akaniuliza swali la pili, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Na zile alama ambazo walimu wenyewe walikuwa wakipeleka Nairobi kila mwaka, nani alizikagua?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Kwanza nieleze jinsi hesabu inavyofanywa, maana si wazazi wote waliofafanuliwa. Alama ya mwisho ya mwanafunzi wa Gredi ya Tisa huundwa na vipande vitatu. Asilimia 20 hutokana na tathmini ya KPSEA aliyoifanya akiwa Gredi ya Sita. Asilimia nyingine 20 ni Tathmini ya Shuleni, yaani kazi anazofanya katika Gredi ya Saba na ya Nane, zikasahihishwa na mwalimu wake na alama kuingizwa katika tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC). Asilimia 60 iliyosalia ni ya KJSEA yenyewe. Jumla hiyo hugeuzwa kuwa mojawapo ya viwango vinane, kuanzia EE1 cha mwanafunzi aliyezidi matarajio, hadi BE2 cha aliye chini kabisa ya matarajio.

Majina ya viwango hivyo ni ya upole. Mwanafunzi aliyepata alama 41 kwa 100 huandikiwa ME2, kumaanisha kwamba amefikia matarajio. Enzi zetu 41 ilikuwa 41, na mzazi alijua la kufanya. Siusifu ukali ule, uliovunja mioyo ya watoto wengi. Hata hivyo, mzazi anayesoma kwamba mwanawe "amefikia matarajio" ana haki ya kujua kuwa mtoto huyo alikosa zaidi ya nusu ya maswali.

Wizara ya Elimu ilisisitiza kwamba hakuna alama ya jumla wala wastani. Lakini kila kiwango kina pointi zake, kutoka nane hadi moja, na masomo ni tisa. Wazazi hawakuhitaji kikokotoo kujua kwamba tisa mara nane ni 72, na haikuchukua muda kabla ya swali la kale, "alipata ngapi?", kurudi likiwa limevaa kanzu mpya.

Hawakuwa wajinga. Nafasi katika shule za kundi la C1, ambazo kwa sehemu kubwa ndizo zile tulizoziita shule za kitaifa, ni chache mno zikilinganishwa na idadi ya wanaozitamani. Maadamu nafasi ni chache, lazima pawe na njia ya kumchagua mmoja na kumwacha mwingine, na njia hiyo huitwa mtihani hata kama katika nyaraka rasmi imepewa jina la tathmini.

Sisi wapenzi wa Kiswahili tunaijua nguvu ya mtihani pengine kuliko wengine. Katika enzi ya CPE karatasi zilikuwa tatu: Kiingereza, Hisabati, na ile iliyokusanya sayansi, historia na jiografia. Kiswahili hakikutahiniwa. Kilikuwa na vipindi vyake katika ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini aliyepita karibu na dirisha la darasa la saba saa ya kipindi hicho aghalabu alisikia sauti za hesabu. Ni mfumo wa 8-4-4 uliokifanya kuwa cha lazima na kukiingiza katika KCPE ya kwanza, mwaka 1985. Mimi ni wa kizazi kilichoufanya mtihani huo wa kwanza, na riziki yangu ya uhariri naidai karatasi ile.

Kinyume chake kilitokea 2001. KCPE ilipunguzwa hadi karatasi tano, na jumla ya alama ikateremka kutoka 700 hadi 500. Muziki, sanaa na ufundi havikutahiniwa tena. Kila aliyepitia shule ya msingi baada ya hapo anajua kilichofuata: filimbi zilikusanya vumbi kabatini na kipindi cha sanaa kikawa cha marudio ya Hisabati. Hakuna waziri aliyetoa amri hiyo. Walimu walisoma karatasi ya mtihani na kuelewa serikali inathamini nini.

Ndiyo maana simlaumu aliyetamani kuuvunja mnyororo huo. Mtaala wa Umilisi, ule tuliouzoea kwa jina CBC, ulipoanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, ulikuja na hoja yenye mashiko: kwamba mwalimu anayekaa na mtoto mwaka mzima anamjua kuliko karatasi ya saa mbili, na kwamba kuna stadi kama kuzungumza, kushirikiana na kuunda kitu kwa mikono, ambazo huwezi kuzipima kwa kumwambia mtoto achague A, B, C au D. Mtoto aliyeamka na homa siku ya mtihani hastahili kupoteza miaka minane.

Kabla ya kuendelea, tusiusahau ushahidi wa nyumbani kwamba hata mtihani wa kitaifa waweza kuwa mwalimu mwema. Katika miaka ya sabini, mtafiti Anthony Somerset aliongoza mageuzi ya CPE ambayo wasomi wa elimu duniani wangali wanayataja. Maswali ya kukariri yalipunguzwa na mahali pake yakaja maswali ya kufikiri, mengi yakichotwa katika maisha ambayo mtoto wa kijijini aliyajua. Zaidi ya hayo, kulikuwa na jarida lililotumwa shuleni kila mwaka likieleza ni swali gani liliwatatiza watoto, ni jibu lipi potovu lililowavutia wengi, na kosa hilo lilifichua nini kuhusu jinsi somo lilivyofunzwa. Mwalimu hakupokea alama tu, alipokea pia maelezo. KNEC huandaa ripoti ya namna hiyo kuhusu KCSE hadi leo, ila ni nadra kumkuta mwalimu wa Gredi ya Nane akiwa na kitu kama hicho mkononi.

Mtihani nao, hata hivyo, si malaika. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata gredi ya A katika KCSE. Mwaka uliofuata, baada ya baraza simamizi la KNEC kuvunjwa na Dkt Fred Matiang'i kukaza usimamizi, waliopata A walikuwa 141. Akili za watoto wa Kenya hazikuyeyuka katika miezi kumi na miwili. Tofauti hiyo ilionyesha ni kiasi gani cha alama za awali kilikuwa cha wizi na ni kiasi gani kilitokana na mabadiliko ya jinsi gredi zinavyopangwa, na kuzitenganisha sababu hizo mbili si rahisi.

Majirani zetu wa Tanzania walikuwa wameonja shubiri hiyo mapema. Katika matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012, takriban watahiniwa sita kati ya kumi waliambulia sufuri. Taifa lilishtuka, tume ikaundwa, na Mei 2013 serikali ikayafuta matokeo na kuagiza alama zipangwe upya. Karatasi za majibu zilikuwa zile zile, lakini waliofaulu wakaongezeka. Mpaka kati ya kufaulu na kufeli huwekwa na watu walioketi mezani.

Sasa turejee kwa swali la dadangu.

Ili kuulinda mtihani wa kitaifa, Kenya hufungia karatasi katika makontena, huzisindikiza kwa polisi wenye bunduki, na huwaamuru wakuu wa shule wafike alfajiri kuzichukua. Yote haya ni kwa sababu tumejifunza kwa uchungu kwamba jambo linaloamua hatima ya mtoto litapata wa kulichakachua. Ilhali Tathmini ya Shuleni, ambayo pia inaamua sehemu ya hatima hiyo, hufanyika darasani chini ya mwalimu yule yule aliyefunza, anayesahihisha, na anayetazamwa na mkuu wa shule pamoja na wazazi kama kipimo cha ubora wake. Hakuna kontena wala polisi. Simwombei mwalimu polisi. Naonyesha tu jinsi tulivyoziwekea sehemu mbili za alama moja imani tofauti kabisa.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Wanafunzi wawili wamepata asilimia 73 katika KPSEA na 73 tena katika KJSEA. Wanalingana kabisa. Mmoja ana mwalimu mkali, anayefuata mwongozo wa kutoa alama neno kwa neno, na amempa 55 katika kazi za shuleni. Mwingine ana mwalimu mwenye huruma, au mwenye hofu, aliyempa 85. Wa kwanza atamaliza na alama 69.4, ambayo ni ME1. Wa pili atapata 75.4, nayo ni EE2. Tofauti yao haihusu walichojifunza. Aliyeadhibiwa ni mwanafunzi wa mwalimu mwaminifu, na mwalimu huyo akiligundua hilo mara moja, mwaka unaofuata hatakuwa mwaminifu tena.

Hapo bado sijazungumzia hali halisi ya madarasa. Kundi hili la kwanza liliingia Gredi ya Saba mapema 2023, baada ya jopo la Rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu kupendekeza kwamba sekondari msingi iwe ndani ya shule za msingi. Shule nyingi zilianza na mwalimu mmoja au wawili kwa masomo yote. Lilipofika Gredi ya Nane, walimu wa sekondari msingi waliokuwa kwa kandarasi za mafunzo ya kazini waligoma wakidai ajira ya kudumu, mgomo uliokula sehemu ya muhula wa pili wa 2024. Ni katika miaka hiyo miwili hasa ndipo alama za shuleni zilipotakiwa kukusanywa. Mwalimu wa Hisabati aliyejikuta akifunza pia Sanaa Bunifu na Michezo alitakiwa kupima ustadi wa mtoto katika mambo ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kufunzwa.

Na tusisahau kazi za nyumbani, ambazo zimewapa Wakenya vichekesho vya miaka. Nani asiyemjua mzazi aliyekesha akishona sanamu ya kutishia ndege shambani, au aliyepiga foleni katika duka la saiba saa mbili usiku kuchapisha picha za rangi? Katika vitongoji vyenye fedha, "mradi wa mtoto" huundwa na fundi. Kule kwetu huundwa na mtoto mwenyewe kwa maboksi na gundi ya sima. Mwalimu anayezilinganisha kazi hizo mbili hapimi uwezo wa watoto, anapima mifuko ya wazazi.

Si sisi pekee tuliojikwaa hapa. Janga la corona lilipofuta mitihani nchini Uingereza mwaka 2020, walimu waliombwa kukadiria gredi za wanafunzi wao. Wasimamizi wa mitihani, wakihofia kwamba makadirio yalikuwa ya ukarimu kupita kiasi, waliyapitisha katika programu ya kompyuta iliyozingatia historia ya kila shule, na karibu asilimia 40 ya gredi za A-level zikateremshwa. Mwanafunzi hodari katika shule yenye historia duni aliangushwa kwa kosa la waliomtangulia. Vijana waliandamana, na Agosti 17 mwaka huo serikali ikasalimu amri na kurejesha gredi za walimu. Mwaka uliofuata gredi zilitolewa na walimu tangu mwanzo. Waliopata A au A* wakakaribia asilimia 45, wakati kabla ya janga walikuwa kama robo tu. Mitihani iliporejea, idadi hiyo ikaporomoka karibu na ilipokuwa.

Walimu wale wana mafunzo ya kutosha na madarasa yasiyojaa kama yetu, na hawakuwa walaghai. Ukimtaka mtu ahukumu kijana anayemfahamu kwa jina, naye akijua kwamba hukumu hiyo itafungua au kufunga mlango wa chuo kikuu, atampa nafuu ya shaka. Nami ningempa.

Wanaotaja Ufini kama mfano husahau nusu ya habari. Ni kweli kwamba huko mtoto hupimwa na mwalimu wake hadi amalize elimu ya msingi, na kwamba mtihani wa kitaifa huja mwisho wa sekondari ya juu. Lakini mwalimu wa huko ana shahada ya uzamili, na alama anazotoa katika shule ya msingi hazimpeleki mtoto katika shule yenye maabara au isiyo na maabara, kwa kuwa shule hazipishani hivyo.

Karibu zaidi nasi, Uganda ilianzisha mtaala mpya wa sekondari ya chini 2020, na watahiniwa wa kwanza wa UCE chini ya mtaala huo walifanya mtihani wao 2024. Huko sehemu ya shule ni asilimia 20 na ya mtihani wa mwisho 80. Tumeelekea mahali pamoja, na sidhani ni sadfa. Kumbuka kwamba katika mpango wa awali wa KPSEA, asilimia 60 ilikusudiwa kutoka kwa tathmini za shuleni za Gredi ya Nne, ya Tano na ya Sita, na mtihani uchukue 40. Katika KJSEA, shule imebakiwa na 20. Kila mtu asome kushuka huko apendavyo. Mimi nakusoma kama ungamo.

Kosa letu kubwa, kwa maoni yangu, ni kutaka chombo kimoja kifanye kazi tatu zisizopatana. Tunataka kijulishe mwalimu mtoto amekwama wapi. Tunataka kichague nani aende shule gani. Tena tunataka kituambie kama nchi inafunza watoto wake au inawapitisha tu. Chombo cha kwanza chahitaji unyoofu, na unyoofu hufa pindi unapowekewa zawadi au adhabu. Cha pili chahitaji ulinganifu mkali. Cha tatu hakihitaji kumpima kila mtoto hata kidogo.

Hicho cha tatu tunacho, nacho hakijapewa heshima yake. Tangu 2009 shirika la Uwezo lilikwenda nyumba kwa nyumba katika Kenya, Tanzania na Uganda likiwapa watoto hadithi fupi za kiwango cha darasa la pili wasome kwa sauti. Liligundua kwamba watoto wengi wa darasa la tatu, na baadhi ya walio madarasa ya juu zaidi, hawakuweza kuzisoma. Habari hiyo haikutoka katika KCPE, iliyokuwa ikifanywa na mamia ya maelfu kila mwaka huku mabingwa wakibebwa juujuu mbele ya kamera. Ilitoka kwa watu wa kujitolea waliobisha hodi kwenye milango ya sampuli ya vijiji. Hakuna mtoto aliyekosa shule kwa sababu ya matokeo hayo, na kwa hivyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyatia chumvi.

Kwa mtazamo huo, ningependa kuona alama za mwalimu zikiondolewa katika hesabu ya kumpanga mtoto shule, angalau hadi pale zitakapokuwa na mkaguzi. Zibaki darasani zifanye kazi yake ya kweli: kumwonyesha mwalimu kwamba Halima haelewi sehemu na kwamba Otieno hasomi kwa ufahamu. Mwalimu asiyeogopa alama atamwandikia mzazi ukweli.

Najua jibu litakalotolewa. Kwamba tukiondoa asilimia hizo, walimu wataacha kuzifanya kazi za vitendo, kama walivyoacha muziki baada ya 2001. Hofu hiyo ina msingi, nami nimeitoa hoja hiyo hiyo hapo juu kuhusu Kiswahili. Ikiwa basi wakuu wa elimu wataamua kuzihifadhi, wazigharimie. Kazi za shule moja zisahihishwe na walimu wa shule jirani katika kanda, bila majina. Sampuli ya kazi kutoka kila kaunti isahihishwe upya na wataalamu. Juu ya yote, KNEC inazo takwimu zote mbili kwa kila shule, zile za mwalimu na zile za KJSEA. Palipo na shule ambayo watoto wake wana 85 kwa mwalimu na 40 kwa mtihani, kompyuta inaweza kuionyesha kwa dakika chache. Pengo hilo lichapishwe na wazazi walione.

Muda wa kufanya hivyo si mrefu. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni ya 2027, na mwaka utakaofuata kundi hili la kwanza litafikia mwisho wa Gredi ya Kumi na Mbili, likiwania vyuo vikuu na mikopo ya masomo. Alama za shuleni zikiwa na sehemu katika hesabu hiyo, kishawishi kitakuwa kikubwa kuliko cha Gredi ya Tisa.

Ama binti wa dadangu, alijiunga na Gredi ya Kumi Januari 2026 katika shule ya kutwa ya C4, mwendo wa saa moja kwa miguu. Somo lile alilopata EE2 lilikuwa Sanaa Bunifu na Michezo. Shule hiyo haina mkondo wa sanaa, kwa hivyo amechukua sayansi ya jamii. Mamake ameihifadhi karatasi ya matokeo katika bahasha ya kaki, pamoja na cheti cha ubatizo, na hajaniuliza tena kuihusu.